Gharama za kesi kwa mtu wa tatu aliyeingizwa katika mgogoro wa mali za wanandoa: anapotoka salama, nani anamlipa?

#1 – Mleta mada (Dar es Salaam)

Ndugu wadau, nianze na sentensi ambayo kila aliyezoea kusoma hukumu za mashauri ya ndoa hapa Tanzania ameikuta kwenye ukurasa wa mwisho: kwa kuwa shauri hili ni la kifamilia, kila upande utabeba gharama zake. Kwa mume na mke sentensi hiyo ina busara, kwa sababu hata baada ya talaka watu hawa wataendelea kukutana kwenye ada za watoto, harusini na misibani, na mara nyingi fedha ya kumlipa mwenzake ingetoka katika mfuko uleule unaogawanywa. Ninachotaka tukijadili ni pale sentensi hiyo inapomwangukia mtu ambaye hakuoa wala hakuolewa na yeyote kati yao, ambaye ameweka wakili kwa miaka miwili ili tu kuthibitisha kwamba shamba ni lake, na siku ya hukumu anaambiwa kwamba ameshinda lakini abebe gharama zake kwa kuwa jambo ni la kifamilia.

Watu hawa ni wengi kuliko tunavyodhani. Yupo dada ambaye jina lake liko kwenye hati, yupo mzazi ambaye mwanawe alijenga katika eneo lake, yupo aliyenunua kiwanja kwa mume wiki chache kabla ya ndoa kuvunjika, ipo benki yenye rehani, na yupo mke wa pili anayesema kwamba nyumba inayoitwa ya mume na mke mkubwa ina jasho lake pia.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa baina ya wanandoa mali walizochuma kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Tangu uamuzi wa Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu wa mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke nazo zinahesabika kuwa mchango, na ni haki kabisa. Hata hivyo kifungu hicho hakimpi hakimu mamlaka ya kugawa mali ya shemeji. Kwa hiyo, kabla ya kufika kwenye nani apate asilimia ngapi, lazima ijibiwe kama mali yenyewe ni ya wanandoa, na swali hilo halihusu ndoa hata kidogo. Ni mgogoro wa umiliki kama mgogoro mwingine wowote, uliobahatika au uliokosa bahati ya kuingia mahakamani kupitia mlango wa talaka.

Kuhusu gharama, kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kinasema kwamba gharama ziko katika hiari ya mahakama, na kwamba mahakama ina uwezo kamili wa kuamua nani alipe, zilipwe kutoka katika mali ipi na kwa kiasi gani. Kifungu hichohicho kinaendelea kusema kwamba mahakama ikiamua gharama zisimfuate aliyeshinda, ni sharti itoe sababu kwa maandishi. (Namba ninazotaja ni za toleo la sheria la mwaka 2019; toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limesogeza baadhi ya vifungu, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kunakili kwenye maombi yenu.) Hoja yangu ni kwamba neno "kifamilia" ni sababu ya kutosha kati ya wanandoa wawili, lakini kwa mtu wa tatu siyo sababu, ila ni mazoea yaliyoshikamana na kalamu.

Nikiangalia mashauri ya namna hii, naona kwamba kiasi ambacho mtu wa tatu atapoteza au kurudishiwa huamuliwa mapema sana, kwa kutegemea mlango alioingilia.

Mlango wa kwanza ni kutajwa kuwa mjibu maombi tangu mwanzo, au kuongezwa baadaye chini ya Amri ya I, kanuni ya 10(2) ya Sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, ambayo inaruhusu mahakama katika hatua yoyote kumwondoa mtu aliyeingizwa isivyostahili na kumwongeza yule ambaye kuwapo kwake ni lazima. Mahakama ya Rufani, katika Marejeo ya Madai Na. 6 ya 2017, ilieleza vipimo viwili vya mtu wa lazima: kuwepo na nafuu inayodaiwa dhidi yake, na mahakama kushindwa kutoa tuzo yenye nguvu bila yeye. Ikiwa hati ya madai inamtaja dada wa mume bila kuomba chochote dhidi yake, basi hatua ya kwanza ya dada huyo ni kuomba jina lake liondolewe, na aombe gharama siku hiyohiyo, katika maombi hayohayo. Wengi hufurahia kuondolewa, wakatoka mlangoni, na mwaka mmoja baadaye wanauliza kama wanaweza kudai fedha walizomlipa wakili.

Mlango wa pili ni kuja kama shahidi tu. Shahidi hana bili ya gharama. Anachoweza kupata ni nauli na posho ya ushahidi. Lakini pia shahidi hafungwi na hukumu kama mdaawa, yaani mhusika wa shauri, anavyofungwa, na kwa mtu ambaye hati yake haina doa, mlango huu ndio wa bei nafuu kuliko yote.

Mlango wa tatu hufunguka baada ya hukumu, pale dalali wa mahakama anapofika kukamata mali, na mwenye mali anaweka pingamizi chini ya Amri ya XXI, kanuni ya 57 na kuendelea. Hapo lazima aonyeshe kwamba siku ya ukamataji alikuwa na maslahi katika mali ile au alikuwa ameishikilia kwa haki yake mwenyewe. Akichelewa kwa makusudi au bila sababu, mahakama inaweza kukataa hata kuchunguza. Na akishindwa, kanuni ya 62 inamtaka afungue shauri jipya kuthibitisha haki yake, maana yake gharama zinaanza upya.

Mlango wa nne ni shauri la ardhi linalojitegemea, ambalo kwa mali isiyohamishika isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300 huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko hakuna anayesema jambo ni la kifamilia, na aliyeshindwa kwa kawaida hulipa. Ajabu ni kwamba ugomvi uleule, juu ya ukuta uleule, kati ya watu walewale, unaweza kuwa na matokeo mawili tofauti ya gharama kwa sababu tu umesikilizwa katika jengo jingine.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia, na hasa kwa mawakili, kama wamewahi kumshawishi hakimu atenganishe gharama za wanandoa na za mtu wa tatu.

#2 – Mchangiaji (Moshi)

Ndugu mleta mada, asante kwa kuleta jambo hili. Mimi ni huyo dada wa mume. Kiwanja nilikinunua mwenyewe, hati ina jina langu, lakini kaka yangu ndiye aliyejenga nyumba juu yake akiwa ndani ya ndoa, kwa makubaliano ya mdomo kwamba ataishi hapo hadi atakapopata kwake. Sasa wifi yangu amefungua shauri la talaka na mgawanyo wa mali, na nimetajwa kuwa mjibu maombi wa pili. Sina ugomvi na wifi, na sipingi kwamba walijenga pamoja, ila siwezi kukaa kimya kiwanja changu kikigawanywa. Nimekwishamlipa wakili awamu ya kwanza. Je, mwisho wa yote nitarudishiwa, na nitarudishiwa kiasi gani?

#3 – Mleta mada

Dada yangu wa Moshi, nitakujibu bila kukupamba. Kesi yako siyo ya kushinda yote wala kushindwa yote. Mahakama inaweza kukubali kwamba ardhi ni yako na papo hapo ikaona kwamba fedha na nguvu za wanandoa zilizotumika kujenga zina thamani ambayo wifi yako ana sehemu yake. Hapo kila mmoja ameshinda kipande, na hakimu akisema kila mtu abebe gharama zake atakuwa na sababu ambayo haitegemei neno "kifamilia". Kwa hiyo fedha yako itaokolewa zaidi na unachokubali mapema kuliko na unachokibishia. Ikiwa kweli hupingi ujenzi, mwambie wakili wako aandike hivyo katika majibu yako, waziwazi: ardhi ni yangu, ujenzi siyo wangu, naomba mgogoro ubaki kwenye thamani ya ujenzi. Mwenzako akiendelea kudai ardhi baada ya hapo na akashindwa, utakuwa na ukurasa wa kumwonyesha hakimu unapoomba gharama.

Kuhusu kiasi, watu wengi wanadhani kwamba kushinda gharama ni kurudishiwa kila shilingi. Sivyo. Chini ya Kanuni za Malipo ya Mawakili za mwaka 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, aliyepewa gharama anawasilisha bili yake ndani ya siku 60 tangu amri ilipotolewa, na afisa anayekadiria, ambaye kwa Mahakama Kuu ni msajili, hupitia kipengele kimoja baada ya kingine. Ada ya wakili hupimwa kwa majedwali na kwa uzito wa kazi, siyo kwa mkataba wako wa siri na wakili wako. Madai ya fedha ambayo kiasi chake kinajulikana yana jedwali lake la asilimia. Mengine, na ya kwako yamo humo, hupimwa kwa kile kinachoonekana kuwa cha haki. Tunza risiti za EFD, stakabadhi za ada za mahakama na kumbukumbu za safari, maana hoja ya risiti huibuliwa karibu kila mara.

Na usiongeze chumvi. Kanuni ya 48 inasema kwamba ikiwa zaidi ya moja ya sita ya bili itakatwa, ukiacha ada za mahakama, mwenye bili hapati gharama za kuhudhuria ukadiriaji wenyewe. Nimeona bili ya mtu wa tatu ambaye mahakamani alikuwa na hoja moja tu ikiwa na ukubwa wa bili ya mgogoro wa mgodi. Ilipotoka pale ilikuwa imenyolewa kiasi kwamba mwenyewe hakuitambua.

#4 – Mchangiaji, wakili (Mwanza)

Mheshimiwa mleta mada ameeleza sheria vizuri, lakini ameieleza akiwa amekaa upande mmoja wa meza. Naomba nikae upande wa pili, ambako kwa miaka mingi nimekaa na wake.

Mtu wa tatu katika mashauri haya si mgeni aliyekuwa akipita njia. Mara nyingi ni kaka ambaye jina lake limeingia kwenye hati mwezi uleule ambao mume alihama chumba, au rafiki aliyenunua gari kwa bei ambayo hata mnadani hupati. Mke anayemwacha nje ya shauri mtu kama huyo anashinda karatasi. Akienda kukazia hukumu anamkuta rafiki amekaa na kadi ya gari mkononi. Analazimika kumwingiza. Na Katiba yenyewe, ibara ya 13(6)(a), inataka mtu asikilizwe kabla haki zake hazijaamuliwa, kwa hiyo kumwingiza siyo uchokozi, ni utaratibu.

Sasa fikirini hali ya mke huyo. Hana mshahara, hati zote ziko kwenye kabati la mume, na Sheria ya Ndoa katika kifungu cha 60 inaanza na dhana kwamba mali iliyoandikwa jina la mume ni ya mume mpaka ithibitishwe vinginevyo. Upande wa pili kuna mume na wakili wake, shemeji na wakili wake, benki na wakili wake. Ukimwambia kwamba kila mmoja wa hawa akishinda atamletea bili, hatafungua shauri kabisa. Atapanga chumba na kuanza upya kwa kuuza maandazi, na nusu ya nyumba aliyoijenga itabaki kuwa hadithi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaweza kumpatia mtu wa kumsaidia kuendesha shauri, lakini hofu ya bili ya aliyemshinda inabaki.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliyaona haya mwaka 1972 katika shauri la Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services, uamuzi ambao hadi leo unanukuliwa mara kwa mara katika ukadiriaji wa gharama, Tanzania na Kenya. Ilisema kwamba gharama zisipande hadi mahakama zikawa za matajiri tu, kwamba aliyeshinda arudishiwe kwa haki kile alichotumia, kwamba malipo yawe ya kuvutia vijana kuingia katika taaluma, na kwamba kuwe na ulinganifu kati ya shauri na shauri. Jambo la kwanza na la pili katika orodha hiyo yanavutana, na katika talaka mimi navuta kuelekea la kwanza.

Nakubali jambo moja, na nadhani ndilo lenye faida kuliko mengine yote katika uzi huu: maneno ya kifungu cha 30 yanayosema "kutoka katika mali ipi". Hayatumiki vya kutosha. Ikiwa mtu wa tatu ni msafi na amesumbuliwa, hakimu anaweza kuelekeza kwamba gharama zake zitoke katika mali ya wanandoa kabla ya kugawanywa, au zikatwe kwenye fungu la yule ambaye tabia yake ndiyo iliyomleta mahakamani. Mume aliyeficha mkataba wa mauziano hadi siku ya ushahidi ndiye aliyemfanya mke amwingize mnunuzi. Kwa nini bili ya mnunuzi ielekezwe kwa mke aliyeshindwa dhidi ya mnunuzi, badala ya mume aliyeficha? Katika maombi yangu sasa naandika aya mbadala: endapo mjibu maombi wa pili ataonekana kuwa na haki, gharama zake zilipwe na mjibu maombi wa kwanza kutoka katika fungu lake. Sijakutana na hakimu aliyesema hana mamlaka hayo. Nimekutana na wengi waliosema hakuna aliyewahi kuwaomba.

Na mnunuzi naye asijifanye malaika. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinamtaka anayehamishiwa ardhi yenye maslahi ya mwenzi aulize kama mwenzi ameridhia. Aliyeona mama na watoto wanaishi ndani ya nyumba na akalipa bila kumuuliza mama huyo, hata kama mwishoni ameshinda kwa sababu nyingine, gharama zake ni za kujitakia.

#5 – Mchangiaji (Mombasa)

Kwetu Kenya hali inafanana kwa sura, ila njia ni wazi zaidi kidogo. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 kinamruhusu mtu kuomba tamko la haki juu ya mali inayogombaniwa kati yake na mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake. Mtu wa tatu huingia pale pale kwa maombi ya kuunganishwa. Kuhusu gharama, kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema gharama humfuata aliyeshinda isipokuwa mahakama iwe na sababu nzuri ya kuamua vinginevyo, na Mahakama ya Juu ililirudia jambo hilo kwa kirefu mwaka 2014 katika shauri la Jasbir Singh Rai, ikisisitiza kwamba hiari hiyo itumike kwa haki na siyo kama adhabu. Hata hivyo, desturi ya "kila mtu abebe zake" katika mambo ya familia tunayo pia, na mawakili wa benki huilalamikia sana. Tofauti ya kukumbuka ni muda: kwetu anayepinga makadirio hutoa notisi ndani ya siku 14, wakati kwenu, kama sikosei, ni siku 21 kwenda kwa jaji.

#6 – Mleta mada

Hukosei, ndugu wa Mombasa. Ni siku 21 tangu uamuzi wa afisa anayekadiria, chini ya kanuni ya 7 ya Kanuni za Malipo ya Mawakili.

Mheshimiwa wakili wa Mwanza, nakubaliana nawe kwenye "mali ipi" na naiba aya yako mbadala. Sikubaliani kwamba hofu ya mke itibiwe kwa fedha ya mtu asiye na hatia. Kama sera ni kuwalinda wake wasio na kipato, mzigo huo uwe wa fungu la ndoa, ambalo lina nyumba na mashamba, au wa mume aliyeficha, kama ulivyosema mwenyewe. Mzee wa miaka sabini aliyesafiri mara kwa mara kutoka kijijini kuja kueleza kwamba shamba la migomba ni la babu yake hapaswi kuwa mfadhili wa sera hiyo.

#7 – Mchangiaji (Leicester, Uingereza)

Naomba niongeze uzoefu wa huku, kwa kuwa Waingereza walikutana na tatizo hili na wakalitenganisha kwa kanuni. Kati ya mume na mke katika madai ya fedha baada ya talaka, Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Familia za 2010, sehemu ya 28, zinasema kwa ujumla kila mmoja abebe gharama zake, isipokuwa mwenendo wa mmoja wao uwe mbaya. Lakini mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya hapa ilieleza kwamba mgogoro wa mtu wa tatu aliyeingia katika shauri hauko chini ya kanuni hiyo ya jumla, ambayo wakati huo ilikuwa katika kanuni zilizotangulia hizi za 2010. Jaji anaanza na ukurasa mweupe, na mara nyingi kushindwa ndiko kunakoamua nani alipe. Wazazi waliodai kwamba fedha za kununua nyumba zilikuwa mkopo na siyo zawadi, wakashindwa, wamejikuta na bili nzito.

Kilichosaidia zaidi kuliko kanuni ya gharama, kwa maoni yangu, ni utaratibu uliowekwa katika shauri la TL dhidi ya ML la mwaka 2005: mtu wa tatu aunganishwe mapema iwezekanavyo, madai yake yaandikwe rasmi kama katika shauri la kawaida la mali, mashahidi wa suala hilo watoe maelezo yao peke yake, na suala hilo lisikilizwe na kuamuliwa kwanza, kabla ya kugusa mengine. Faida yake ni kwamba shemeji haketi mahakamani siku nane akisikiliza ugomvi wa nani alimtukana nani. Anasikilizwa siku mbili, anaondoka, na gharama zake ni za siku mbili.

#8 – Mchangiaji (Dodoma)

Mbona hamjaizungumzia benki vizuri? Katika mikataba mingi ya mikopo niliyoisoma kuna kifungu kinachosema mkopaji atalipa gharama zote za kisheria ambazo benki itaingia katika kulinda dhamana yake. Kwa hiyo benki ikiunganishwa katika shauri la talaka, haina wasiwasi na amri ya gharama. Inaongeza tu kwenye deni. Hakimu anaandika kwamba kila upande ubebe gharama zake, mume na mke wanashukuru, halafu nyumba inapouzwa benki inajikatia ada za wakili kabla ya salio kugawanywa.

#9 – Mchangiaji, wakili (Mwanza)

Ndugu wa Dodoma umegusa donda. Tatizo ni kwamba mahakama inayogawa mali huwa haiulizi salio la deni litakuwa kiasi gani baada ya ada hizo, na mke anapewa asilimia 40 ya namba ambayo haipo. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama kuzingatia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Basi wakili wa mke aombe benki iwasilishe taarifa ya deni pamoja na gharama za kisheria inazokusudia kudai, ili zijadiliwe kabla ya hukumu. Na kama mkopo ulichukuliwa bila ridhaa ya mke, hoja ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi (msichanganye na 114 ya Sheria ya Ndoa, namba zimegongana tu) ni kwamba mkopeshaji alipaswa kuchukua hatua za kutosha kujua kama mwombaji ana mwenzi. Benki iliyopuuza hilo isiruhusiwe kumgeuzia mke bili ya uzembe wake.

#10 – Mchangiaji (Muscat, Oman)

Mimi nilituma fedha kwa ndugu yangu aliyeko Dar anijengee, na hati ikatoka kwa jina lake. Sasa ndoa yake imevunjika na nyumba imehesabiwa kuwa yake. Nimesoma mlango wa nne wa mleta mada nikapata matumaini. Je, kuna hatari ya gharama kwa mtu aliye nje ya nchi?

#11 – Mleta mada

Ipo, ndugu yangu. Ukifungua shauri kama mdai ukiwa unaishi nje ya Tanzania, na huna mali isiyohamishika ya kutosha nchini zaidi ya hiyo inayogombaniwa, Amri ya XXV ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamruhusu mdaiwa kuomba uweke kwanza dhamana ya gharama. Usipoiweka katika muda uliopangwa, shauri linaweza kutupwa. Ukiingia kama mjibu maombi ndani ya shauri la talaka, hatari hiyo haikugusi kwa namna hiyohiyo, kwa sababu siyo wewe uliyedai. Kwa hali yako, ambapo jina lako haliko kwenye hati na mzigo wa kuthibitisha uko kwako, ningeomba kuunganishwa sasa kabla ya hukumu, nikiwa na kumbukumbu za benki za kila fedha iliyotumwa. Baada ya hukumu ukibaki nje ya shauri huna rufaa. Utabaki na pingamizi wakati wa kukazia hukumu au maombi ya marejeo, na njia zote mbili ni ghali zaidi.

#12 – Mchangiaji (Moshi)

Nimeongea na wakili wangu kuhusu kukubali ujenzi kwa maandishi, naye ameona ni sawa. Swali la mwisho: hizo siku 60 za bili zinahesabiwa tangu hukumu kusomwa, au tangu nitakapopewa nakala yake?

#13 – Mleta mada

Tangu amri ya gharama ilipotolewa, dada yangu, yaani siku hukumu iliposomwa. Usisubiri nakala. Andika barua ya kuiomba siku hiyohiyo, na bili ianze kuandaliwa wakati unaisubiri. Ukichelewa, utalazimika kwenda Mahakama Kuu chini ya kanuni ya 8 ya Kanuni za Malipo ya Mawakili kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, na maombi hayo nayo yana gharama zake.